Amani kwanza au haki kwanza? Jibu kwa asasi inayofanya kazi na waliokimbia makwao

Swali: "Mimi ni mratibu wa asasi ndogo ya kujitolea. Kwa miaka mitatu tumekuwa tukifanya kazi na watu waliokimbia mapigano ya jamii mbili wakahamia wilaya yetu. Tunaendesha vikao vya amani, vingine kati yao na wenyeji wa hapa, vingine kati yao na watu waliobaki kule walikotoka. Kila tunapoanza habari za maridhiano, watu wanauliza mashamba na nyumba zao, ambazo sasa zina watu wengine. Ofisa mmoja ametuonya kwamba tukiendelea kutaja haki tutaamsha chuki zilizolala na tutaitwa wachochezi. Mfadhili wetu naye anataka mradi uishe tukiwa na makubaliano ya amani yaliyosainiwa, pamoja na familia kadhaa zilizorejea kwao. Ndani ya asasi tumegawanyika: wengine wanasema tushike amani tuachane na haki, wengine wanasema amani bila haki ni kiini macho. Nani yuko sahihi? Na tukiwahimiza watu warejee, tunakosea?"

Jibu:

Ndugu mratibu,

Kwanza nikutoe hofu moja. Mvutano ulio ndani ya asasi yenu si dalili kwamba mmepotea njia. Karibu kila asasi inayoshika kazi hizi mbili kwa pamoja hufika hapo mlipofika, na hufika pale pale: mazungumzo yanapotoka kwenye salamu na kugusa ardhi. Ningeshangaa zaidi kama watu wangekaa vikao vya miaka mitatu wasiulize mashamba yao.

Nikilirudia swali lako kwa maneno yangu, unataka kujua mambo mawili. Je, kudai haki za waliohama kunaweza kuvunja amani mnayoijenga? Na je, kuwasukuma watu warudi ni kazi yenu? La kwanza, ndiyo, kunaweza, hasa pale madai ya kila mtu yanapomwagwa kwenye kikao kisicho na mamlaka ya kuyaamua. La pili, hapana, si kazi yenu. Lakini majibu mafupi hayatawasaidia mkikaa na ofisa wala na mfadhili, kwa hiyo twende taratibu.

Nianze na yule ofisa, maana naona onyo lake ndilo linalowanyima usingizi. Msimdharau. Huenda amewahi kuona mkutano ukigeuka vurugu, na likitokea jambo yeye ndiye atakayeulizwa na wakubwa wake. Ila ana dhana moja isiyo sahihi, kwamba haki hizi mnazileta nyinyi. Mtu aliyefukuzwa kwake hapotezi haki zake za uraia kwa kuvuka mpaka wa wilaya. Mwaka 1998 Umoja wa Mataifa ulipokea kanuni 30 zinazohusu wakimbizi wa ndani, zilizoandaliwa na jopo lililoongozwa na Francis Deng wa Sudani. Kanuni ya 3 inasema kwamba jukumu la kwanza la kuwalinda na kuwasaidia watu hawa ni la mamlaka za nchi yao wenyewe, na kwamba anayeomba ulinzi au msaada huo haruhusiwi kuteswa wala kuadhibiwa kwa sababu ameuomba. Kanuni hizo peke yake si mkataba, lakini barani Afrika zilipewa meno na Mkataba wa Kampala, uliopitishwa na Umoja wa Afrika Oktoba 2009 na kuanza kutumika Desemba 2012. Unazifunga nchi zilizouridhia, kwa hiyo kwa aliye Afrika hatua ya kwanza ni kuangalia kama nchi yake imo.

Kuyajua hayo si ruhusa ya kumsomea ofisa vifungu mbele ya umati. Mtu aliyeaibishwa hadharani hukumbuka aibu, hakumbuki kifungu. Mfuateni ofisini, watu wawili watatu tu, na mumwombe kitu mahususi: aje kwenye kikao kijacho aeleze kwa kinywa chake utaratibu wa kudai ardhi. Ofisi ipi inapokea madai, wanataka karatasi gani, muda wa kudai ni upi, na anayeikalia ardhi hiyo sasa ana nafasi gani ya kusikilizwa. Mkimwomba hivyo mnamrudishia kazi iliyo yake kisheria. Na akishasema mwenyewe kwamba njia ya kisheria ipo, itakuwa vigumu kwa yeyote kuwaita nyinyi wachochezi kwa kuirudia.

Sasa tuje kwenye dhana ya pili, hii ambayo nusu ya wenzako wanaishiriki: kwamba kunyamazia ardhi kunatuliza mambo. Funika kombe mwanaharamu apite, ndivyo wanavyowaza. Shida ni kwamba ardhi haisubiri. Kila msimu unaopita bila jibu, anayeikalia anaongeza kitu juu yake. Tazameni kinachopandwa. Mtu asiye na uhakika wa kubaki hupanda mazao ya msimu, ayavune aondoke nayo. Anayeanza kupanda miti ya kudumu au kujenga ukuta wa kudumu anaandika madai yake ardhini, na mara nyingi anafanya hivyo kwa sababu amesikia uvumi kwamba wenyewe wanarudi. Upande wa pili nao haujalala. Aliyekimbia anapigiwa simu na binamu yake, anaambiwa mwembe wa babu umekatwa, na hasira inayotoka hapo haikuanzishwa na kikao chenu. Kisha kuna sheria yenyewe: katika nchi nyingi madai ya ardhi yana ukomo wa muda, na aliyekaa miaka kadhaa bila kupingwa anaanza kupata nguvu. Kwa hiyo ukimya una upande, nao ni upande wa aliye ndani ya nyumba.

Na huyo aliye ndani, msimfanye shetani. Wengine ni wavamizi kweli. Wengine wenyewe walikimbia kutoka kwingine wakakuta mlango wazi. Wengine waliuziwa na mtu asiye na haki ya kuuza, au waligawiwa na kiongozi wa wakati ule na wana karatasi yenye mhuri. Mpango wowote usiosema hawa wataenda wapi huzaa wakimbizi wapya.

Burundi inafundisha hili vizuri. Watu wengi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972, wengi wao wakiingia Tanzania, walirejea baada ya Mkataba wa Amani wa Arusha wa Agosti 2000 na kukuta ardhi zao zina familia nyingine zilizokaa miongo mitatu, baadhi zikiwa zimegawiwa na serikali yenyewe. Tume ya ardhi iliyoundwa mwaka 2006, CNTB, ilianza kwa kuwahimiza wagawane. Baadaye ikabadili mwelekeo, ikaegemea kumrudishia aliyekimbia ardhi yake yote, na uhasama ukapanda, kwani waliokwisha kugawana walijiona wamedhulumiwa na waliokuwa wakiikalia wakajiona wanatupwa nje. Mimi naona tatizo kubwa lilikuwa kubadili kanuni katikati ya safari bila kuwa na jibu kwa upande unaopoteza. Kugawana kuna mantiki yake, kurudisha kuna mantiki yake. Kuyumba kati ya hizo mbili ndiko kunakovunja imani ya wote.

Hapo ndipo ninapotaka mkae kwa muda, kwa sababu ndipo kosa hufanyika kwa nia njema. Vikao vya amani vina uwezo mkubwa kuhusu mambo fulani na havina uwezo wowote kuhusu mengine, na asasi nyingi hazichori mstari kati ya hayo mawili. Jamii mbili zikikaa zinaweza kukubaliana njia ya kupitisha mifugo, zamu za kisima, siku ambazo watu watakwenda sokoni bila kusumbuliwa, namna ya kuzika waliokufa, nani apigiwe simu kijana akifanya fujo usiku. Haya ni mambo ya pamoja, na wanaokaa pale wana haki ya kuyaamua pamoja. Lakini umiliki wa shamba la mtu fulani si mali ya kikao. Wazee wakisimama wakasema "sisi tumesamehe mashamba", wametoa sadaka kitu cha mtu mwingine, na mara nyingi huyo mtu ni mjane au yatima ambaye hakualikwa.

Niliwahi kuhudhuria kikao cha namna hiyo, kimeandaliwa na watu makini kabisa. Wanaume mbele kwenye viti, wanawake nyuma kwenye mikeka. Ilipofika mchana ikapitishwa karatasi ya mahudhurio, ile ya kusaini ili upate posho. Mama mmoja aliyekaa karibu nami aliweka dole gumba kama wenzake. Nilipoishika karatasi ile nikakuta juu kabisa, kwa herufi ndogo, kuna sentensi inayosema waliosaini wamekubali maazimio yote ya siku hiyo. Azimio la tatu lilisema pande zote zinaacha madai ya mali. Mama yule alikuwa na nyumba ya matofali kule alikotoka, na hakuna aliyemsomea chochote. Aliyeandika sentensi ile hakuwa na ubaya. Alitaka kupunguza idadi ya karatasi. Tulimwomba mwandaaji aitenganishe siku ile ile, naye akakubali. Lakini fikiria karatasi ile ikifika mahakamani miaka mitano baadaye.

Kwa hiyo wekeni utaratibu huu na msiuvunje: mahudhurio karatasi yake, makubaliano karatasi yake. Makubaliano yasomwe kwa sauti kwa lugha ya kila aliyepo kabla mtu hajagusa kalamu. Na ndani yake iwemo sentensi moja iliyo wazi kwamba hakuna kilichokubaliwa hapa kinachopunguza au kufuta dai la mtu yeyote la ardhi, nyumba au fidia. Upande wa pili ukikataa sentensi hiyo, mmejifunza kitu muhimu kuhusu walichokuja kutafuta.

Vivyo hivyo kwa makosa ya jinai. Mtu kumsamehe jirani aliyemchomea ghala ni hiari yake, na ni jambo zuri kulishuhudia. Kikao kutangaza kwamba mauaji na ubakaji vimefutwa ni jambo jingine kabisa. Hata huko juu mlango huo ulifungwa zamani: mkataba wa amani wa Sierra Leone uliposainiwa Lomé Julai 1999 ukiwa na msamaha kwa wapiganaji, mwakilishi wa Umoja wa Mataifa aliweka tamko kwamba umoja huo hautambui msamaha huo kwa mauaji ya kimbari, uhalifu dhidi ya ubinadamu na uhalifu wa kivita. Kama wao hawakuweza, asasi ya kujitolea haiwezi.

Baada ya kuchora mstari huo, ugomvi wa wenzako unapata dawa nyepesi kuliko wanavyodhani: gaweni kazi. Watu wawili watatu wawe wawezeshaji wa mazungumzo, wengine wawe wasaidizi wa kisheria, na mtu mmoja asivae kofia zote mbili kwenye eneo moja. Sababu yake ni ya kiutendaji kabisa. Mwezeshaji anaaminika na pande zote kwa sababu haonekani kubeba faili la mtu. Siku ambayo upande wa pili utamwona asubuhi akimjazia mtu fomu ya madai, na mchana ameshika kengele ya kikao, mazungumzo yamekwisha hata kama hajatamka neno baya. Asasi ikiwa ndogo mno kugawanyika, shikeni moja na mtafute mwenza wa kushika nyingine. Mkilazimika kuchagua, ningewashauri mbaki na mazungumzo, ambayo tayari mna miaka mitatu ya kuaminiwa, na kazi ya madai mkaikabidhi kwa shirika la msaada wa kisheria lenye mawakili.

Ipo hata hivyo kazi moja ya haki ambayo haimuumizi mtu na mnaweza kuianza kesho: nyaraka. Watu wanaokimbia usiku hawabebi vyeti. Bila cheti cha kuzaliwa mtoto anakwama kwenye mtihani, bila kitambulisho mtu mzima hapati laini ya simu, hafungui akaunti, hapigi kura, na siku ya kudai ardhi hawezi hata kuthibitisha kwamba yeye ndiye yeye. Kanuni ya 20 ya zile za 1998 inazitaka mamlaka ziwapatie waliohama nyaraka zao bila masharti yasiyo na msingi, kama vile kumlazimisha mtu arudi alikotoka ndipo apewe. Inasema pia kwamba mwanamke ana haki sawa ya kupewa nyaraka kwa jina lake mwenyewe. Msilipite hilo la mwisho haraka. Mjane ambaye kila karatasi ya familia ilikuwa kwa jina la marehemu atakuwa wa kwanza kuporwa na shemeji zake, na hapo si jamii pinzani inayomdhulumu.

Nije sasa kwenye kurejea. Hapa sitazunguka: kuwahimiza watu warejee ili mradi upate idadi ni kosa. Kanuni ya 28 inawapa waliohama haki ya kurejea kwao au kuhamia sehemu nyingine ya nchi, na Mkataba wa Kampala unazitaja wazi njia tatu: kurejea, kubaki walipo na kuanza maisha, au kuhamia kwingine. Zote kwa hiari, kwa usalama na kwa heshima, na wao wenyewe wakishiriki kupanga. Kwa waliovuka mpaka wa nchi kanuni ni ya zamani zaidi: mkataba wa wakimbizi wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa mwaka 1969 unasema hakuna mkimbizi atakayerudishwa kinyume cha matakwa yake.

Wafadhili hupenda kurejea kwa sababu kunahesabika na kunapendeza kwenye picha, lori limejaa magodoro, watoto wanapunga mikono. Lakini anayerejea mahali ambapo bado hapajatulia huenda akakimbia tena, na safari ya pili humkuta hana akiba, hana ng'ombe wa kuuza, na hana imani na aliyemwambia arudi. Na waliomwambia watakuwa nyinyi.

Kuna jambo la Bosnia na Herzegovina linaloweza kuwasaidia kumwelewesha mfadhili. Mkataba wa Dayton wa 1995, uliomaliza vita vya kule, uliwapa waliohama haki ya kurudishiwa mali zao, lakini miaka ya mwanzo maofisa wa maeneo waliweka vikwazo vya kila aina na wachache sana walipata kitu. Mambo yalianza kwenda mwishoni mwa miaka ya 1990, madai yalipochukuliwa moja moja kisheria na mwenye nyumba akapewa nyumba yake bila kulazimishwa kwenda kuishi humo. Zaidi ya madai 200,000 yalishughulikiwa. Wapo waliorudi, wapo waliouza au kubadilishana wakaendelea na maisha kwingine. Sisemi mtafanya kama wao. Kule kulikuwa na majeshi ya kimataifa na ofisi za kusimamia utekelezaji, nanyi mna baiskeli na daftari. Nachosema ni kwamba kupata mali na kurudi kuishi ni mambo mawili, na yakifungwa pamoja mtu hujikuta akirudi kwenye hatari ili tu asipoteze kiwanja.

Basi mfanye nini badala ya kuhimiza? Toeni taarifa za kweli, na msaidie watu wajionee. Njia bora ninayoijua ni ziara ya kwenda kuona: watu wachache waliochaguliwa na wenzao, si na nyinyi wala na ofisa, wanakwenda kule walikotoka, wanatazama, wanarudi kusimulia. Wanawake wawemo kwa idadi inayoonekana, kwa sababu wanauliza mambo ambayo wanaume huyaruka. Wanaume watauliza mipaka ya shamba na nani ana silaha. Wanawake watauliza maji yako umbali gani, njia ya kwenda kisimani inapita wapi, zahanati ina mkunga au imebaki paa tu, mwalimu yupo. Vijana nao wapelekeni. Muhimu zaidi, wapeni waliokwenda nafasi ya kusimulia bila mtu wa upande wowote kuketi mbele yao akiandika. Ripoti mbaya ikirudi, iacheni iwe mbaya.

Na msishangae familia ikijigawa: baba anakwenda kulima msimu mmoja, mama na watoto wanabaki karibu na shule. Watumishi wa misaada huliona hilo kama udanganyifu wa kutaka mgao pande zote mbili. Mimi naliona kama tahadhari ya watu wenye akili. Ndivyo nawe ungefanya.

Wenyeji waliowapokea nao wasiachwe nyuma ya mazungumzo haya. Mwishoni mwa mwaka 2024 waliofukuzwa makwao kwa vita na mateso duniani walikuwa watu milioni 123.2, na takriban sita kati ya kila kumi walikuwa bado ndani ya nchi zao. Wengi wa hao hawaishi kambini. Wanaishi kwenye vyumba vya kupanga na nyumba za jamaa, wakichota maji yale yale na kujaza madarasa yale yale. Msaada ukiwapita wenyeji maskini ukaenda kwa wageni peke yao, mnapanda mgogoro mpya huku mkisuluhisha wa zamani. Kama kitu mnachotoa ni cha wote, kwa mfano kisima au dawati, kitoeni kwa wote. Kama ni cha waliohama tu, kwa mfano nyaraka zilizopotea, elezeni sababu yake hadharani na mapema, kabla watu hawajajitungia ya kwao.

Kuna suala hukuliuliza ila nitalitaja: majina. Orodha ya waliohama, yenye kijiji cha asili na kabila, ni kitu cha hatari mikononi mwa asiyefaa. Kusanyeni kile tu mnachokihitaji, kifungieni, na msiwape picha za watu mfadhili wala mtu yeyote bila ridhaa ya kweli ya mwenyewe, yaani ridhaa ya mtu anayejua picha itakwenda wapi na anayeweza kukataa bila kukosa mgao. Simu ya kazi iwe na nywila. Tetesi za mapigano mapya zikianza, orodha ndiyo ya kwanza kuondolewa ofisini.

Sasa mahali ambapo ushauri wa maandishi kama huu hautoshi, mtafute watu ana kwa ana. Dai la ardhi lenye ukomo wa muda, au lenye hati mbili zinazopingana, linahitaji wakili au shirika la msaada wa kisheria linalojua sheria ya nchi yenu. Msilikalie kwa kusubiri kikao. Mtu aliyebakwa anahitaji kituo cha afya ndani ya saa 72, kwa sababu dawa za kuzuia maambukizi ya VVU hazianzwi baada ya hapo, na nyinyi msimhoji. Mpelekeni mahali alipo mhudumu aliyefunzwa na mwacheni aamue mwenyewe kuhusu polisi. Watoto waliopotezana na wazazi, na watu wanaotafuta ndugu zao, wapelekeni kwa Msalaba Mwekundu au Hilali Nyekundu, ambao wana huduma ya kutafuta waliopotezana hata nje ya mipaka. Aliyevuka mpaka wa nchi anahitaji ofisi ya UNHCR, yaani shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, au idara ya serikali inayoshughulikia wakimbizi, maana sheria inayomlinda ni nyingine. Mashahidi wa mauaji msiwarekodi mara tatu tatu kwa ajili ya ripoti; kila simulizi inamrudisha mtu pale pale, na masimulizi yanayotofautiana kidogo yatakuja kutumiwa dhidi yake. Waunganisheni na tume ya haki za binadamu au chombo chenye uzoefu wa kuchukua maelezo. Na mmoja wenu akitishiwa, kwa simu au kwa kupitia kwa mtu, msikae nalo ndani kwa sababu ya kuona haya. Andikeni tarehe na maneno yaliyotumika, simamisheni safari za eneo hilo, na ombeni ushauri kwa mtandao wa watetezi wa haki za binadamu ulio karibu nanyi.

Limebaki la mfadhili. Wengi wao wanasikia kuliko tunavyodhani, tatizo huambiwa wakati fedha zimeshatumika. Mwandikieni ukurasa mmoja. Semeni kwamba "familia zilizorejea" si kipimo cha kazi yenu kwa kuwa uamuzi huo si wenu, na kwamba kikibaki hivyo kitawasukuma kuwashinikiza watu. Kisha mpeni vipimo vingine vinavyohesabika: watu waliopata nyaraka, wanawake wangapi kati yao kwa majina yao, familia zilizopata taarifa kamili na kuamua, kwa njia yoyote kati ya zile tatu, makubaliano ya visima na njia za mifugo ambayo bado yanaheshimiwa miezi sita baada ya kusainiwa, madai yaliyofikishwa mahali pa kisheria badala ya kumalizwa kwa mapanga. Elezeni pia kuhusu ile sentensi ya kulinda madai, ili asije akashangaa kuiona kwenye makubaliano.

Akikataa kabisa, mna uamuzi mgumu, na sitajifanya kwamba kukataa fedha ni rahisi kwa asasi yenye watu wanaotegemea nauli ya mradi. Lakini mnaweza kumwomba akate kipengele hicho kimoja na kupunguza bajeti yake, na abaki na vingine. Hilo hukubaliwa mara nyingi kuliko kuvunja mkataba. Barua hiyo itumeni kabla ya kikao kijacho. Tarehe ya kusaini ikishatangazwa na wageni wakishaalikwa, kuirudisha nyuma ni kazi ngumu zaidi kuliko kumwandikia mfadhili leo.